Boti ya fiba, mashine ya 40 na bei ya petroli: yaliyonipata Tudor

Ndugu yetu ameuliza kama anunue boti ya fiba ya futi 21, iliyotumika, yenye mashine ya petroli ya nguvu farasi 40. Anataka kutembeza familia wikendi kutoka Tudor, hori la bahari hapa Mombasa, na jamaa zake wanamwambia mafuta yatammaliza. Boti ya aina hiyo nimekaa nayo miaka sita, kwa hivyo nitajibu kwa kirefu.

Mwishoni mwa 2020 lita ya petroli ilikuwa shilingi mia na ushei. Jumamosi yetu ilikuwa ni kutoka Tudor, kupita mbele ya Mji wa Kale, kushika mkondo hadi nje, kisha Nyali, Bamburi, Shanzu mpaka Mtwapa, tuogelee, tule, turudi. Lita 30 zilitosha, yaani kama shilingi 3,000 mbali na oili ya kuchanganya. Julai 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba lita ikavuka shilingi 200. Safari ileile, watu walewale, shilingi 6,000 na zaidi. Mke wangu akawa kila tarehe 14 jioni, EPRA, mamlaka ya nishati, wakitangaza bei mpya, ananiuliza, "Jumamosi tunakwenda au hatwendi?"

Na kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Ndani ya kila lita ya pampu mna ushuru wa kutunza barabara. Ulikuwa shilingi 18, ukapandishwa hadi shilingi 25 mwezi Julai 2024. Boti haikanyagi lami hata siku moja, lakini hapa pwani tunanunua kwenye pampu zilezile za magari, tukibeba madumu kwa tuktuk, na tunalipa sawa na mwenye lori. Mvuvi naye analipa hivyo hivyo. Huo si uadilifu, na ningependa wabunge wetu wa pwani walisemee.

Sasa kosa langu, na ndilo hasa nililotaka ulijue. Bei ilipopanda sikupunguza safari wala mwendo. Nilipunguza akiba. Nilipiga hesabu kwamba kwenda ni lita 10, kurudi ni 10, basi 20 zatosha. Ilikuwa Julai, kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika. Kwenda Mtwapa upepo ulikuwa mgongoni, boti ikateleza kama imepakwa mafuta. Kurudi ndio tukakabiliana nao uso kwa uso. Mawimbi yanagonga, boti haipandi juu ya maji ikateleza, mimi nafungua gesi (mkono wa kuongeza kasi) zaidi, mashine inakunywa. Hesabu ya kwenda haikuwa hesabu ya kurudi hata kidogo. Karibu na Bamburi dumu likabaki na mashapo, mashine ikavuta uchafu na maji yaliyotuama chini, ikazima. Upepo ukaanza kutusukuma kuelekea mwambani. Nilitupa nanga, ikaburuta, kisha ikashika. Binti yangu alikuwa na miaka saba, anatapika na kulia. Tulikaa pale karibu saa mbili hadi mashua ya wavuvi ikatufunga kamba ikatuvuta. Wale wavuvi walikataa pesa. Nahodha wao, mtu mzima, akaniambia tu, "Mwanangu, bahari haikopeshi."

Tangu siku hiyo naenda kwa theluthi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Pesa ikiwa haitoshi kujaza hiyo ya tatu, hatutoki. Tunakaa ndani ya Tudor, mikokoni, na watoto wanafurahi vilevile.

Kuokoa mafuta kupo, ila ni kwingine. La kwanza ni maji. Tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hapa Mombasa siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupita mita 3, na mkondo wa Tudor una nguvu hasa. Mimi hutoka yakianza kupwa, nikarudi yanajaa, nikasukumwa bure kote kuwili. Nilikuwa nikipigana nao miaka mingi kwa sababu tu nilipanga safari kwa saa ya chakula cha mchana.

La pili ni mkono wako kwenye gesi. Mashine ya 40 ya stroki mbili (ile ya kuchanganyiwa oili), gesi yote wazi, ilikuwa inanila lita 15 hadi 18 kwa saa. Boti ikishapanda juu ya maji, rudisha gesi hadi pale inapokaribia kushuka, kisha ongeza kidogo. Hapo ndipo pake. Usikae kwenye ule mwendo wa kati, pua juu na mkia umezama; huo ndio unaokausha dumu. Tumbo la boti nalo lisiachwe na majani ya bahari na vikome vilivyoganda. Nilipolikwangua na kulipaka rangi upya, nilishangaa mwenyewe.

Mashine ya stroki nne inakula mafuta pungufu, kwangu ilishuka kama theluthi, lakini bei yake ni kubwa na hairudi upesi kwa mtu wa wikendi. Na msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, siku hizi nachukua dau dogo la tanga la ami yangu. Kubisha dhidi ya upepo kunachosha mikono, lakini watoto wamejifunza kushika demani, ile kamba ya kuongozea tanga.

Kwa hivyo ndugu, boti nunua kama mko familia mbili au tatu za kuchangia mafuta. Peke yako kila wiki itakuchosha. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji mtoke na dumu la lita 20 lililojaa, na jingine la akiba pembeni. Mwende nusu saa, mrudi nusu saa, kisha mpime kilichobaki kwa macho yako. Akikataa, tafuta boti nyingine.