Koha ni Bure, Diski Siyo

Tulipoamua kuhamia Koha, programu ya kuendesha maktaba, mkuu wetu wa chuo aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hatulipi chochote?" Nikamjibu kwa furaha kwamba hatulipi. Jibu hilo lilinitokea puani.

Koha ilizaliwa New Zealand. Maktaba za Horowhenua zilikuwa na mfumo mkongwe ambao haungevuka salama kuingia mwaka 2000, wakaiomba kampuni ndogo iitwayo Katipo iwatengenezee mwingine. Kazi ilianza 1999, na Januari 2000 mfumo ulikuwa tayari unaazimisha vitabu. Kisha wakauachia watu wote wautumie na kuubadilisha wapendavyo. Koha kwa Kimaori ni zawadi, ila zawadi ya kupeana: nawe unatarajiwa kurudisha kitu siku yako ikifika.

Leseni kweli hatukulipia. Ila seva yetu ilikuwa kompyuta ya mtumba, haina UPS (kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika), na nakala rudufu nilizifanya kila usiku kwenye diski ileile. Muhula wa pili umeme ulikatika, diski ikafa pamoja na nakala zake zote. Kazi ya kukatalogi ya miezi mitatu ilikwenda na maji. Tukarudi kwenye daftari, na wanafunzi nao wanazijua siku kama hizo. Kuna vitabu sijaviona tena.

Ukiandika bajeti, basi, usiweke sifuri. Omba UPS, diski mbili za nje za kupokezana (moja ilale jengo jingine), na mafunzo ya Linux, mfumo endeshi ambao Koha hukaa juu yake, kwa wafanyakazi wenu wawili. Wawili, kwa sababu mmoja akishaijua vizuri ndipo barua ya uhamisho inapomfikia.

Data isafishe kabla ya kuihamisha. Jedwali letu la Excel lilikuwa na "Dar", "DSM" na "D'Salaam" kana kwamba ni miji mitatu. Na vitabu vyenye ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu), taarifa zake usizichape upya. Koha inaweza kuvuta rekodi kutoka katalogi za maktaba nyingine kwa njia ya Z39.50, utaratibu wa kompyuta za maktaba kuulizana rekodi. Mimi nilidhani vya Kiswahili havimo huko, nikakaa kuvichapa kimoja kimoja. Kumbe Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inakusanya vitabu vya kanda yetu. Nilipogundua nilikuwa nimeshamaliza rafu mbili nzima.

Tasnifu za kuweka wazi kwenye DSpace, programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni, zisubiri kidogo, lakini saini ya ruhusa ichukue sasa, mwanafunzi anapokabidhi nakala yake. Akishahitimu, namba yake haipatikani.

Siku hizi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nachukua diski ya nje, narudishia data yote kwenye kompyuta nyingine, kisha natafuta kitabu kimoja na mwanachama mmoja. Wasipoonekana, siendi nyumbani. Imeshatokea mara mbili.