Unatafiti uongozi? Anza na tukio, dodoso lije baadaye

Mvua zikikaribia kuisha huku Dodoma, simu zinaanza: wanafunzi wa uzamili wanataka niwasindikize Chamwino au Bahi kukusanya data. Mada ya uongozi ndiyo inayopendwa kuliko zote, nadhani kwa sababu inaonekana nyepesi. Viongozi wapo, dodoso lipo mtandaoni. Unatafsiri, unagawa, unaingiza kwenye kompyuta, umemaliza.

Dodoso lenyewe mara nyingi ni lile la mwanasaikolojia Bernard Bass, aliyelijenga miaka ya 1980 na kulijaribu kwa maofisa wa jeshi la Marekani. Si baya. Lakini mpe mzee aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, mtendaji akisikiliza dirishani, umuulize kama kiongozi wake humtia hamasa, kwa alama 1 hadi 5. Atakupa 5. Swali linalofuata, 5. Mpaka ukurasa wa mwisho ni 5 tupu, halafu anakuuliza kama mradi wenu utaleta na mbegu za mtama.

Kwa hiyo uliza tukio. Njia hii mwanasaikolojia John Flanagan aliieleza mwaka 1954, baada ya kufanya kazi na marubani wa kivita: mtu haulizwi kiongozi mzuri ana sifa gani, anaombwa asimulie jambo lililotokea, nani alifanya nini, ikawaje. Kijijini inakuwa hivi: "Mama, pampu ya maji ilipoharibika mara ya mwisho, aliambiwa nani kwanza? Hela ya fundi ilitoka wapi?" Jina la mwenyekiti linaweza lisitajwe kabisa. Kijiji kimoja cha Bahi kila tuliyemhoji alimtaja mhazini wa watumia maji, mama wa makamo, aliyekopa kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, asubuhi hiyohiyo na kumleta fundi kwa bodaboda. Mwanafunzi alikuwa amepanga kuwahoji wajumbe wa halmashauri ya kijiji tu. Ikabidi sampuli, yaani orodha ya wa kuhojiwa, ipanuliwe, na hapo ndipo utafiti wake ulipopata uhai.

Shuleni ni habari nyingine. Mtoto akiona karatasi yenye maswali anajua ni mtihani, anaanza kutafuta jibu linalotakiwa. Weka karatasi kando, angalia kinachotokea mwalimu wa zamu akiondoka. Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliwachunguza hivyo wavulana wa miaka kama 10 huko Iowa, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1939: kwenye vikundi vya kiongozi wa amri, akitoka tu kazi inalegea, palipokuwa na mashauriano, watoto waliendelea. Wewe andika nani anagawa mafagio wakati hakuna mkubwa. Nimeona zaidi ya mara moja akiwa kapteni wa mpira, huku kaka mkuu aliyeteuliwa na walimu amekaa kivulini. Ridhaa ya mzazi iwe mkononi kabla hujakanyaga uwanja wa shule.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hawana shida, wanasimulia mpaka unachoka wewe. Wazee nao wanakumbuka, ila wanaunganisha mambo ya miaka tofauti, hivyo tukio moja lisikie kwa watu wawili, kila mmoja peke yake.

Barua ya chuo ipitishe halmashauri ya wilaya, kisha kata, kisha kijiji. Kuruka ngazi ni kujitafutia kurudishwa. Ukishapokelewa, shukuru, saini kitabu cha wageni, uondoke pale ofisini. Mahojiano yafanyike majumbani jioni, baada ya mavuno, watu wakiwa wametulia.

Msimamizi atakuuliza namba ziko wapi. Matukio yanahesabika: mangapi yalitatuliwa na aliyechaguliwa, kama mwenyekiti, mangapi na aliyeajiriwa, kama mtendaji, mangapi na mtu asiye na cheo. Kisha, kwa maneno yaleyale waliyotumia wasimuliaji, tunga dodoso lako na ulijaribu kwenye kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli.