Je, Yeremia alitangaza adhabu pekee?

Ndugu, umeuliza kama Yeremia alikuwa nabii wa maangamizi tu. Naomba usome sura ya 32 ya kitabu chake katika Biblia taratibu. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji wa Yerusalemu, naye nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, alipolinunua shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, kisha akamwagiza Baruku, mwandishi wake, azitie hati za ununuzi katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Nani hununua ardhi adui akiwa langoni? Mji ulianguka mnamo mwaka 586 KK, watu wakahamishwa. Lakini hati ile, ambayo kwangu ina uzito kuliko hotuba yoyote, ilishuhudia kwamba nyumba na mashamba ya mizabibu yatanunuliwa tena katika nchi hiyo.