Kabla hujaongeza bando, tazama rauta imekaa wapi

Kijana akilalamika kwamba gemu inaganda, katika nyumba nyingi baba hukimbilia kuongeza bando. Bando kubwa linaingia, video za WhatsApp zinafunguka upesi zaidi, na gemu inaganda vile vile. Nimeshaitwa na jamaa na majirani kwa shida hii hapa Unguja, Malindi, Michenzani, Tomondo, hata Wete, Pemba, kwa mashangazi zangu, na mara nyingi sana nimekuta tatizo limo ndani ya nyumba, kwenye zile mita chache baina ya rauta na mashine ya kuchezea. Inaniuma kuona familia inalipa kila mwezi kwa kitu ambacho kingeondoka kwa waya mmoja.

Gemu ya kushindana mtandaoni haili data nyingi. Unapocheza mpira na mtu aliye Muscat, picha yote unayoiona inachorwa na mashine iliyo mbele yako. Kinachosafiri ni habari ndogo ndogo tu: mchezaji amesimama wapi, kitufe gani kimebonyezwa. Kwa gemu nyingi saa nzima haifiki megabaiti 200, na laini ya megabiti 3 hadi 5 kwa sekunde inatosha. Inachotaka gemu ni habari hizo zifike upesi, kwa mwendo mmoja, bila ya kupotea njiani. Muda wa kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, na vijana wanauita pingi. Meli kubwa hubeba mizigo mingi kuliko boti, lakini haifiki Dar mapema. Na bando kubwa ni hivyo hivyo. Pingi ikikaa kwenye 90 muda wote, mtu anazoea na anacheza. Ikiruka kutoka 60 mpaka 400 kisha ikarudi, hapo hakuna mchezo. Na mara nyingi kinachoifanya irukeruke ni waifai dhaifu, kwani kila habari inayopotea hewani lazima itumwe tena.

Kwa hiyo pima kwanza. Ichukue mashine uipeleke pale ilipo rauta, uziunganishe kwa waya wa mtandao, halafu cheza. PS4, PS5, Xbox One na Xbox Series zote zina tundu la waya huo nyuma. Fanya hivyo usiku, saa zile zile ambazo gemu huganda, maana mchana laini haina watu wengi na itakudanganya. Ikichezeka vizuri, laini yako ni nzima na mwizi ni nyumba. Ikiganda hata hapo, basi ongea na kampuni inayokuletea intaneti, na usinunue kifaa chochote kabla hujapata jibu lao.

Sasa nyumba zenyewe. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa nusu mita ni jambo la kawaida. Zinabeba ghorofa juu yake na zinaweka ubaridi ndani, na mawimbi ya waifai yanafia humo humo. Kuna jambo jengine ambalo watu hawalifikirii. Vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba kwa sababu dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kuvuka chumba kipana. Vyumba vingi upana wake ni mita tatu au pungufu. Maana yake ni kwamba kila baada ya hatua chache mawimbi yanakutana na ukuta mpya. Nyumba ya Shangani yenye eneo dogo inaweza kuwa na kuta nene nyingi kuliko jumba jipya la Mbweni. Wala usitegemee dari, kwani juu ya boriti kumeshindiliwa mawe na chokaa vile vile.

Kinachosaidia ni milango. Mawimbi hupita mlangoni, dirishani, ngazini na kwenye ua wa ndani kwa nyumba zilizo nao. Simama pale ilipo TV ya gemu, tazama kupitia milango iliyo wazi, ukafuate kwa macho mpaka pale unapoweza kuweka rauta. Ikiwa macho yanafika, waifai itafika. Rauta iliyowekwa juu ya kabati karibu na kichwa cha ngazi inaweza kuhudumia ghorofa mbili, na rauta hiyo hiyo ikifichwa nyuma ya TV, ndani ya kabati la vyombo au chini pembeni ya friji haihudumii hata chumba cha pili. Najua wenye nyumba hawapendi kuona kidude chenye antena na taa zinazometameta ukumbini, lakini kikifichwa hakifanyi kazi yake. Kabati lenye kioo kikubwa nalo liangalie, kwa sababu kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma unaorudisha mawimbi yalikotoka.

Kwenye maghorofa ya Michenzani ukuta ni wa zege, na shida kubwa zaidi ni majirani. Kila mlango una rauta yake na zote zinapiga kelele pahala pamoja. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Ziko programu za simu za bure zinazoonesha chaneli ipi imejaa; ingia kwenye mipangilio ya rauta uchague iliyo nyepesi. Nyumba za matofali na bati za Tomondo au Mwanakwerekwe zina nafuu, na huko mara nyingi kuhamisha rauta kutoka chumba cha wazazi kuileta ukumbini kunamaliza kazi.

Kisha jua mashine yako ni ya aina gani, hasa ukinunua iliyotumika, kama wengi wetu tunavyofanya. PS4 za mwanzo, ambazo namba iliyoandikwa nyuma inaanza na CUH-1, zinapokea gigahezi 2.4 peke yake. PS4 Slim inaanza na CUH-2 na PS4 Pro na CUH-7, na hizo zinapokea gigahezi 5 pia, sawa na PS5. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi na majirani hawaisongi sana, lakini kwenye ukuta ni dhaifu zaidi. Ikiwa rauta na mashine zimo chumba kimoja, chagua 5. Ukuta ukiwa katikati, jaribu zote mbili utazame ipi inatulia. Mwenye PS4 ya mwanzo ana mtihani wa ziada: pedi zake zinatumia Bluetooth, na Bluetooth nayo imo kwenye gigahezi 2.4. Diski ya nje ya USB 3 ikiwekwa jirani na mashine inaweza kuongeza vurugu hapo hapo, kwa hiyo isogeze mbali kadiri waya wake unavyofika. Kwa mashine hiyo mimi sishauri waifai kabisa.

Nashauri waya. Nitalisema hili kwa kila atakayeniuliza, awe na mashine mpya au kuukuu. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, na hakuna nyumba ya Unguja wala Pemba ambayo kijana atamaliza mita hizo. Madukani Darajani na Mlandege utakuta nyaya za bei mbalimbali. Omba ya shaba tupu. Zile za rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, ni laini, zinakatika kirahisi, na kwenye hewa yetu ya chumvi vichwa vyake havidumu. Ikiwa waya utapita nje kutoka dirisha hadi dirisha, nunua ule mweusi uliotengenezwa kwa jua, kwa sababu ganda la kawaida hupasuka. Ndani upitishe juu ya fremu za milango na pembeni mwa ngazi, ubanwe kwa vishikizo vidogo, upakwe rangi ya ukuta. Ukimalizika vizuri hauonekani.

Na tafadhali, usitoboe ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe kwa ajili ya gemu. Ndani yake mna mawe na kokoto zilizoshikwa kwa chokaa, na drili ikiingia vibaya unamwaga kifusi usichoweza kukirudisha. Fundi akiziba kwa saruji, unyevu unakwama ndani na plasta inaanza kubambuka. Tena nyumba hizi zina sheria zake, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe haipo kwa ajili ya kupamba karatasi. Tafuta tundu la zamani la waya wa TV au wa simu; karibu kila nyumba ina moja.

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kupokea waifai na kuirusha tena vina kazi yake kwa simu ya bibi huko chumbani. Kwa gemu sivipendi. Vingi vinapokea na kutuma kwa zamu, na kila zamu inaongeza kuchelewa. Vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme vinategemea nyaya hizo ni nzima kiasi gani, na nyaya nilizoziona katika nyumba za mjini hazinipi matumaini hayo.

Wenye rauta ya laini ya simu wana kazi ya ziada. Kifaa hicho kinataka kuuona mnara, kwa hivyo pahala pake ni dirishani juu, si pembeni ya TV. Kiweke pale kinapopata mnara vizuri, halafu shusha waya mpaka kwenye mashine. Hapo pia utakutana na suala la NAT, yaani kugawana anwani ya intaneti. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa pamoja, na PlayStation inaweza kukuandikia NAT aina ya 3, Xbox ikakwambia NAT imebana. Mechi nyingi bado zitachezeka, lakini kuzungumza na marafiki au kuwaalika kwenye mechi yako kutakusumbua. Washa UPnP kwenye rauta, mpangilio unaoiruhusu mashine kujifungulia njia yenyewe, ujaribu. Ikishindikana, tazama anwani ambayo rauta imepewa na kampuni: ikianza na 10, au ikiwa baina ya 100.64 na 100.127, unagawana na wengine, na hakuna mpangilio wa nyumbani utakaoiondoa hali hiyo. Uliza kama wanauza anwani ya peke yako.

Umbali nao hauna dawa. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo pingi ya seva ya huko haiwezi kushuka chini ya 70, na mikongo ya baharini inazunguka zaidi ya hapo. Baadhi ya gemu zina seva Afrika Kusini, lakini usidhani lazima ndizo zitakuwa karibu, kwani njia za intaneti hazifuati ramani. Gemu ikikuruhusu kuchagua eneo, jaribu moja moja usiku ule ule, ushike lenye namba ndogo iliyotulia.

Bando linalokwisha ghafla kwa kawaida limeliwa na apdeti. Gemu kubwa siku hizi ina gigabaiti 50 mpaka zaidi ya 100, na apdeti moja inaweza kuwa makumi ya gigabaiti. Zima apdeti za moja kwa moja kwenye mipangilio, uzishushe kwa mkono usiku wa manane au kwa jamaa mwenye faiba isiyo na kikomo. Mashine iliyoachwa ikisinzia huku inashusha, umeme ukikatika, faili zinaweza kuharibika na diski ikaumia. Nunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, hata ndogo, ichomekwe rauta na mashine pamoja, na TV ipite kwenye kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo vitu vinapoungua.

Wakati apdeti inashuka, au kijana anaporusha video zake, simu ya bibi kwa watoto wake walioko Oman inaanza kukatikakatika, na ugomvi unaanzia hapo. Rauta nyingi zina sehemu ya kugawa kasi kwa kila kifaa. Ipe mashine ya gemu kiwango cha kushusha na cha kupandisha kisichozidi nusu ya laini; mechi haitajua tofauti, na bibi atazungumza mpaka achoke. Sehemu hiyo hiyo mara nyingi ina ratiba. Weka mashine isipate intaneti saa za skuli, saa za chuo (madrasa) na baada ya saa nne usiku, isipokuwa ule usiku unaoshusha apdeti, umwambie kijana mapema kwamba umeiweka. Neno la siri la kuingilia kwenye rauta, tofauti na lile la waifai, libadilishe siku ile ile na ubaki nalo wewe.