Osileta ya Kinanda cha Kujitengenezea: Maswali Yenu na Majibu

Shikamoo fundi. Osileta yangu ya transista nailinganisha asubuhi na kinanda cha kwaya, lakini jua likipanda sauti inakuwa imehama. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mafinga)

Marahaba. Hukukosea. Osileta ni saketi inayozalisha wimbi la sauti, na ile inayofuata kanuni ya volti 1 kwa oktava (kila volti 1 hupandisha noti oktava moja) hutegemea tabia ya transista, nayo hubadilika kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kwa noti iliyo oktava 4 mbali na ile uliyolinganishia, hiyo ni kama senti 16, na senti 100 ni nusu toni. Baridi ya Julai huko Mafinga ikipungua kwa nyuzi 10 kufikia saa nane mchana, noti hiyo imeshavuka nusu toni. Ndiyo maana mwaka 1982 kampuni ya Roland ilitoa kinanda cha Juno-6, ambacho saa ya kidijitali (mapigo ya kuhesabia muda) hupanga masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, huku wimbi lenyewe likiendelea kutengenezwa na saketi ya analogi. Njia hiyo ndiyo ninayowashauri wote.

Bodi ya Arduino Uno inatosha kwa kazi hiyo? (Mwanafunzi, Mbeya)

Inatosha. Bodi hiyo ina maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha programu; mradi mapigo yatolewe na taima (kihesabu muda) yenyewe ya chipu, si kwa kusubirisha programu. Saa ya megahezi 16 ukiigawa kwa 8 unapata mihesabu 2,000,000 kwa sekunde. Noti ya hezi 440 inahitaji mihesabu 4,545.45 kwa kila wimbi, taima itachukua 4,545, na utapata hezi 440.04, kosa lisilofika hata robo ya senti. Ila kwenye Uno R3 saa hiyo huendeshwa na resoneta ya kauri, ambayo kosa lake la asilimia 0.5 lingesogeza noti zote kwa pamoja kwa senti 9 hivi. Kama utapiga pamoja na wenzako, tumia chipu ya ATmega328P (ile iliyo kwenye Uno) peke yake na kristali ya megahezi 16.

Wimbi la msumeno nimelipata, lakini noti za juu zinasikika dhaifu mno. Nibadilishe spika? (Msomaji, Njombe)

Iache spika yako. Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilikwama wiki nzima. Kapasita inajazwa kwa mkondo usiobadilika, kisha kila pigo la maikrokontrola linafungua transista inayomwaga chaji yote. Noti ikipanda oktava moja, muda wa kujaza unabaki nusu, na kimo cha wimbi nacho kinabaki nusu. Kwa hiyo mkondo lazima upande sawasawa na masafa.

Kupata mkondo huo, zidisha thamani ya kapasita, kimo unachotaka na masafa. Kwa kapasita ya nanofaradi 1, kimo cha volti 5 na hezi 440, mkondo ni mikroampia 2.2, yaani volti 0.22 kupitia rezista ya kiloomu 100 inayoingia kwenye opampu (chipu ya kikuza ishara) ya TL072. Kwa hezi 880, toa volti 0.44. Mwanzoni nilizitoa volti hizo kwa kuchuja mapigo ya PWM (mapigo ya haraka yanayobadilishwa upana), nikawa nasikia mlio mwembamba chini ya kila noti, hadi nilipoweka chipu ya MCP4822, inayogeuza namba za programu kuwa volti, ambayo hupanda kwa hatua za milivolti 1 hadi kama volti 4. Programu ibadilishe volti na taima kwa wakati mmoja, la sivyo kila noti itaanza kwa mshtuko. Kapasita iwe ya filamu; zile za kauri za bei nafuu hubadilika na joto, na kimo cha wimbi kitayumba.

Umeme wa kwetu unakatika mara kwa mara. Naweza kutumia betri? (Msomaji, Tukuyu)

Ndiyo. Funga betri mbili za volti 9 mfululizo, na pale zinapokutana pawe ndipo sifuri ya saketi, uiunganishe kwa waya na GND (pini ya sifuri) ya Uno. Waya huo ukisahaulika, mapigo hayatafika ipasavyo kwenye transista, na utatafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa.