Jina lako, Yusufu

Yusufu mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza maana ya jina lako, kwa kuwa mwenzako wa kazini amekuambia ni neno la Kiarabu la "mzuri wa sura", na shangazi ya mkeo anataka kujua kwa nini hatukukuita Joseph. Kelele za matatu hapo Upper Hill hazikutuacha tuzungumze, kwa hiyo nakuandikia.

Mwenzako amechanganya jina na hadithi ya mwenye jina. Uzuri ni wa Nabii Yusufu mwenyewe: wanawake wa Misri walipomwona walijikata mikono kwa visu, wakasema huyu si mtu, ni malaika. Hayo yamo katika Sura ya 12 ya Qurani, yenye aya 111. (Watu hushika huo urembo tu. Mimi hupenda zaidi pale kanzu yake inapowekwa usoni mwa Yakubu, na mzee aliyepofuka kwa kilio akaona tena.)

Jina lenyewe ni la Kiebrania, Yosef, yaani "ataongeza" au "na aongeze". Hata wanasarufi wa Kiarabu huliweka miongoni mwa majina ya kigeni, na ndiyo maana halipokei tanwini, ile sauti ya "n" inayoongezwa mwishoni mwa neno. Babu yako wa Pumwani alinionyesha msahafu ukiwa mapajani mwake, kidole kikifuata herufi hadi ya mwisho: Yusufu, si Yusufun.

Aliyelitoa ni mama. Katika Mwanzo sura ya 30, Raheli amekaa miaka bila mtoto huku dada yake Lea akizaa mfululizo. Anapojifungua anasema Mungu amemwondolea aibu, na papo hapo anamwita mtoto Yusufu, akiomba Bwana amwongeze mwana mwingine. Mtoto bado mchanga mikononi, naye anaomba tena.

Hapo ndipo Raheli aliponishika. Kabla yako mimba zangu zilikuwa zikitoka, na watu walishaanza kumnong'oneza baba yako habari za mke wa pili. Ulipokuja, kila aliyefika kunipa pole na hongera aliniambia nishukuru kwa hicho nilichopewa, nisitake makubwa. Nilishukuru, Mungu anajua. Lakini nilitaka uwe na ndugu wa kugombania naye ukoko wa wali, na sikuona kwa nini nilifiche hilo mbele ya Mungu. Nikamwambia baba yako: huyu ni Yusufu.

Mama yangu alishtuka. Alikuwa msomaji wa Biblia kwelikweli, akaijua sura ya 35: mwana wa pili alikuja, Benyamini, na Raheli akafa akimzaa, njiani kuelekea Efrathi. Aliniuliza kama siogopi. Nilimjibu kwamba naogopa, na jina bado nalitaka. Alinyamaza kitambo, kisha akakupakata na kukuita Yusufu, wa kwanza katika watu wa kwetu. Dada zako wawili wamekuja baada ya hapo, na mimi niko hai nakuandikia.

Shangazi mwambie afungue Biblia yake ya Kiswahili, Mathayo sura ya 1. Mume wa Mariamu anaitwa nani humo? Yusufu. Joseph ni jina hilohilo, lililopitia Kigiriki na Kilatini hadi kwa Waingereza; Waitaliano wana Giuseppe, Wahispania José. Siku ya akika yako Pumwani, wazee wa msikitini upande wa baba yako na wazee wa kanisa waliotoka Kakamega walikaa mkeka mmoja. Jina lilipotajwa, pande zote mbili ziliitikia bila kuuliza ni la nani. Baba yako na mimi tulitazamana. Tulikuwa tumeihofia sana ile dakika.

Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa Yusuf, bila u ya mwisho. Liache hivyo, ni sawa, usihangaike na foleni za ofisi kwa herufi moja.

Na kuhusu mtoto mnayemtarajia, sitakuchagulia. Muulize mkeo kwanza, kisha mpigie babake. Kwao nako kuna majina ya wazee yanayosubiri.

Mama yako