Papa na taa wanavyozaana: ushauri kwa wanafunzi wa baiolojia mlioko mbali na bahari

Nafundisha tuisheni ya baiolojia hapa Dodoma na kila mwaka mada ya uzazi wa papa na taa inawasumbua vijana, na naelewa kwa nini, samaki waliomzoea ni perege wa Mtera, papa wanamuona akiwa mkavu kashakatwa vipande pale soko la Majengo. Sasa mtu anakariri "wengine hutaga, wengine huzaa" afu kwenye mtihani vyote vinapotea.

Mimi nawaambia hivi, kwa kila samaki jiulize swali moja tu: mtoto kabla hajatoka alikuwa anakula nini?

Kuna jamii moja ya taa wasio na mwiba wa sumu mkiani, Kiingereza wanaitwa skates, hao wote wanataga, yai liko ndani ya mfuko mgumu wenye pembe nne na mtoto anaishi kwa kiini miezi kadhaa mpaka atoke. Wengine yai linabaki tumboni kwa mama ila chakula ni kiini kile kile, mfano kuna papa mdogo wa bahari za baridi mwenye miiba mgongoni, anabeba mimba karibu miaka 2! Taa wenye mwiba wao kiini kikipungua ukuta wa tumbo la uzazi unatoa ute mzito wenye mafuta kama maziwa, mtoto anaunyonya humo humo. Papa nyundo ndo namba nyingine kabisa, kiini kikishakwisha mfuko wake unajishikiza kwenye ukuta wa tumbo la uzazi la mama unakuwa kondo la nyuma, na kitovu kipo, kwahiyo kama umewahi kuona mbuzi anazaa nyumbani hapo umeshaelewa.

Afu kuna papa anayeitwa kitaalamu Carcharias taurus. Mama ana matumbo mawili ya uzazi, na kila upande mtoto anayetangulia kukua anawala wenzake, anamalizia na mayai ambayo hayajarutubishwa, wanazaliwa wawili tu wakubwa wameshiba. Wanafunzi hawamsahau huyu.

Kitu kingine msichokizingatia, hata wale wanaotaga, mbegu za dume zinaingia ndani ya mwili wa jike. Ukipata safari ya Dar pita soko la samaki Feri asubuhi, omba uoneshwe papa au taa mzima, mgeuze tumbo juu, kwenye mapezi ya nyuma dume ana vijiti viwili, jike hana. Wauzaji pale wakiona una nia wanakuelekeza vizuri tu, na ukishika kwa mkono wako hauhitaji kukariri tena.

Na ukiulizwa kwa nini papa wanapungua haraka usiandike "uvuvi haramu" ukaishia hapo, hiyo ni nusu ya jibu na inaniuma kuona mtu anapoteza maksi kizembe. Perege anapevuka ndani ya miezi na anazaa mara kadhaa kwa mwaka, papa wengi wanasubiri miaka mingi ndo wapevuke, na taa manta anazaa mtoto mmoja tena anapumzika miaka kadhaa. Papa potwe, hawa wanaoonekana Mafia, ni tofauti kidogo kwa idadi maana mwaka 1995 kule Taiwan alivuliwa jike mwenye watoto kama 300 tumboni, ila na yeye anachelewa sana kupevuka. Kwahiyo andika idadi ya watoto, urefu wa mimba na umri wa kupevuka, vyote vitatu, afu ndo uweke uvuvi.